Pointi bila mkutano: kupunguza uzito kwa daftari langu mwenyewe

Mpango wa kupunguza uzito kwa kuhesabu pointi, ambamo kila chakula kina pointi zake na kila mtu ana kiwango chake cha siku, unajulikana zaidi kwa jina la kampuni ya Weight Watchers ya Marekani, na wengi wanaoufuata peke yao hudhani kwamba pointi ndizo msingi wake. Sizo. Jean Nidetch, mama wa nyumbani aliyeishi Queens katika jiji la New York, alianza mwaka 1961 kwa kuwaalika nyumbani kwake marafiki sita waliosumbuliwa na unene kama yeye. Orodha ya vyakula alikuwa nayo tayari, kwa kuwa alikwisha kupewa na kliniki ya unene iliyoendeshwa na idara ya afya ya jiji. Alichokosa ni mtu ambaye yeye angeweza kumkiria kwamba alikuwa akila biskuti kwa kujificha. Kampuni ilisajiliwa mwaka 1963 na kuuzwa kwa kampuni ya vyakula ya Heinz mwaka 1978, na muda wote huo wanachama walipunguza uzito kwa orodha, mizani na mkutano wa kila wiki. Pointi ziliingia Marekani mwaka 1997, mpango ukiwa umekwisha kupita miaka 30.

Kwa hiyo anayeufuata peke yake, kama ninavyofanya mimi hapa Dar es Salaam ambako sina mkutano wa kwenda wala ada ya kulipa, anachukua nusu iliyokuja baadaye na kuiacha nusu iliyotangulia. Hesabu anayo, watu hana. Maoni yangu, baada ya kuishi na mpango huu muda wa kutosha kuziona nguo zangu za zamani zikinienea tena, ni kwamba hesabu inafundishika kwa yeyote anayejua kugawanya, lakini lile pengo la watu ni lazima lizibwe kwa makusudi, la sivyo daftari litaishia juu ya kabati kabla mwezi wa pili haujaandama.

Kanuni ninayoitumia ni ile ya kwanza, ya mwaka 1997. Unachukua kalori za chakula unazigawa kwa 50. Unachukua gramu za mafuta unazigawa kwa 12 na kujumlisha. Kisha unachukua gramu za nyuzinyuzi, zisizozidi 4 hata kama sahani yako ina 15, unazigawa kwa 5 na kutoa. Jibu ndilo pointi. Kila mtu ana kiwango chake cha siku kinachotegemea uzito wake, mzito akipewa zaidi, na kiwango hicho hushuka kadiri mwili unavyopungua. Baadaye iliongezwa akiba ya pointi 35 za wiki nzima, ambazo mtu anaweza kuzitumia kidogo kidogo au kuzimaliza zote katika shughuli moja. Mimi nilianza na 24 kwa siku pamoja na akiba hiyo.

Kampuni yenyewe iliiacha kanuni hii zamani. Mwishoni mwa mwaka 2010 ilileta nyingine iliyohesabu protini, wanga, mafuta na nyuzinyuzi. Mwishoni mwa 2015 ikaja iliyoadhibu sukari na mafuta yaliyoganda. Na mwishoni mwa 2017 ikatangaza vyakula zaidi ya 200 kuwa na pointi sifuri, vikiwamo mayai, maharage, samaki na minofu ya kifua cha kuku. Kila toleo lilikuwa na sababu zake nzuri. Nimebaki na la zamani kwa sababu linataka tarakimu tatu tu, na tarakimu hizo zinapatikana kwetu. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, na chuo cha afya ya jamii cha Harvard walichapisha jedwali la virutubishi vya vyakula vya Tanzania, ambamo mtu anakuta unga wa dona, mihogo, dagaa na mchicha kwa kila gramu mia. Kenya nayo ilitoa jedwali lake mwaka 2018. Programu za simu zilizotengenezwa ng'ambo zinajua jibini za kila namna, lakini ukiziuliza kisamvu zinababaika. Na unga uliotoka mashine ya kusaga ya mtaani hauna maandishi ubavuni ya kukueleza una sukari kiasi gani.

Tahadhari moja ningeomba isomwe mara mbili: usichanganye matoleo. Wako watu wanaochukua kiwango kikubwa cha siku kutoka mpango mmoja, kisha wakachukua orodha ya vyakula vya sifuri kutoka mpango mwingine, wakala mayai, maharage na ndizi mbivu bila kuandika chochote, halafu wakashangaa mizani haisogei. Orodha ile ya sifuri ilipopanuliwa mwaka 2017, kiwango cha chini kabisa cha siku kilishushwa papo hapo kutoka 30 hadi 23, kwa sababu vyakula vile havikuwa bure hata kidogo; bei yake ilikatwa mapema. Katika kanuni yangu ndizi mbivu ni pointi moja na nusu, nami naiandika.

Ugumu wa kuhesabu nyumbani kwetu ni kwamba chakula hakiji kwa vipande, kinakuja kwa sufuria. Kitabu cha Kimarekani kitakwambia kipande cha mkate ni pointi ngapi, lakini mimi ninalo bakuli la maharage ya nazi lililotekwa kutoka chungu cha watu sita. Nilinunua mizani ndogo ya jikoni Kariakoo, nikapima kila sufuria yangu ikiwa tupu, na uzito wake nikauandika kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati. Sasa tazama hesabu inavyokwenda. Nusu kilo ya maharage makavu ina kalori zipatazo 1,660, yaani pointi 33 na ushei. Tui la nazi moja kubwa, zito na jepesi pamoja, nalihesabu kuwa pointi 21, kwa kuwa karibu nguvu yake yote inatokana na mafuta. Vijiko vitatu vya chakula vya mafuta ya alizeti vya kukaangia vitunguu ni pointi 10.7, maana kijiko kimoja kina gramu 14 za mafuta na kalori kama 120. Vitunguu, nyanya na karoti nazipa mbili. Jumla ni pointi 67 hivi. Maharage yakishaiva naipima sufuria, natoa uzito wa sufuria tupu, na mara nyingi nabaki na kilo mbili za maharage na rojo lake. Gramu 250, ambazo kwa upawa wangu ni pawa mbili, zinabeba sehemu ya nane ya jumla ile, yaani 8.4, natoa 0.8 ya nyuzinyuzi, inabaki 7.6. Ukiirudia hesabu hiyo hiyo bila nazi wala mafuta, unapata 3.6.

Maharage ni yaleyale, bakuli ni lilelile, na pointi zake ni zaidi ya mara mbili. Hapo ndipo nilipoelewa mpango huu unafanya kazi gani hasa jikoni kwetu. Tumezoea kulaumu ugali na wali, na kila anayetaka kupungua huambiwa aache wanga, wakati vitu visivyopimwa kabisa katika nyumba zetu ni viwili: mafuta na sukari. Unga tunaupima kwa kikombe kwa sababu ukizidi ugali unakuwa mgumu, mchele tunaupima kwa kibaba kwa sababu maji yake yana kipimo, lakini mafuta humiminwa kutoka dumu moja kwa moja mpaka jicho la mpishi litosheke. Gramu 100 za mchicha hazifiki hata nusu pointi. Mchicha uleule uliokaangwa kwa vijiko viwili vya mafuta unapita pointi saba, nasi tunauita mboga ya majani na kuuhesabu kama chakula chepesi.

Tangu hapo mafuta yanapimwa kwa kijiko, na kijiko hicho hakitoki kwenye chupa yake. Nilianza na vijiko viwili kwa sufuria nzima ya mchuzi badala ya kumimina. Wiki ya kwanza watoto walisema mchuzi umepauka. Nikaongeza nyanya za kusaga, kitunguu saumu na ndimu, na malalamiko yakakoma bila mkutano wa familia. Tui sikuliacha, kwa kuwa mimi ni mtu wa Tanga na yapo mambo ambayo hayajadiliwi, bali nazi moja inayopika siku moja sasa inapika siku mbili, tui zito likitengwa na kuwekwa kwenye friji.

Vyakula vingine nitavitaja kwa haraka, kwa sababu ukishajua njia utaihesabu sufuria yako mwenyewe. Chapati moja ya kusukuma yenye gramu 70 za unga na mafuta ya kutosha kutengana vizuri inafika pointi nane, kwa hiyo mbili na chai ya maziwa yenye sukari zinapita theluthi mbili ya pointi zangu za siku. Andazi moja la kawaida ni tano na nusu. Sahani ya chipsi mayai ya kibandani inavuka 20 bila shida, na sina neno baya la kuongeza juu yake, isipokuwa kwamba nikiila najua nimekula siku nzima. Ugali ulinishangaza kwa upande mwingine: gramu 100 za unga, ziwe za sembe au za dona, ni pointi saba au pungufu kidogo, na kanuni haioni tofauti kubwa kati ya unga hizo mbili kwa sababu nyuzinyuzi hukatwa zikifika 4. Mwili unaiona, kwa kuwa dona inanishikilia hadi jioni na sembe hainifikishi saa kumi.

Hili la dona linanifikisha kwenye udhaifu wa kanuni yenyewe, ambao mfuasi wa peke yake hana budi kuujua kwa kuwa hakuna wa kumwonya. Pointi hazijui chakula bora ni kipi. Chupa ya soda ya mililita 350 ni pointi tatu, karibu sawa na bakuli la maharage yasiyoungwa, na mtu mwenye kiwango cha 24 angeweza kunywa soda nane kutwa, asile kitu kingine, na daftari lake likasoma sawasawa. Kampuni haikubadilisha kanuni zake kwa kupenda mapambo; mianya ya namna hii ilikuwamo. Dawa niliyojitungia ni utaratibu wa kuzitumia pointi. Kila asubuhi, kabla ya kufikiria wanga, naweka kwanza pointi za protini na za mboga: samaki au dagaa au maharage, yai, mchicha au matembele. Zikishawekwa hizo, mara nyingi pointi tisa au kumi, ndipo naangalia kilichobaki na kuamua kama ni ugali, wali au kipande cha muhogo. Sukari ya chai niliishusha kutoka vijiko vitatu vya kurundika hadi kimoja cha kufuta, na vile viwili vilivyotoka vilinirudishia pointi moja kwa kila kikombe, jambo ambalo kwa mnywaji wa chai kama mimi ni hesabu ya maana.

Sasa nirudi kwenye pengo la watu. Anayefanya mpango huu katika nchi ambako kupungua kunasifiwa ana shida zake, lakini kwetu kupungua kunazua maswali. Mtu akinenepa huambiwa amependeza. Akikonda huulizwa kama ni ugonjwa, madeni au ndoa. Wifi yangu alikuja kututembelea baada ya muda mrefu, akanishika mkono juu ya kiwiko, akasema mbele ya wageni, "Wifi, mbona unakwisha hivi? Kaka hakulishi?" Nilimjibu kwamba kaka yake ananilisha vizuri na kwamba nilichoacha ni mafuta, akacheka, akanipakulia pilau sahani ya pili. Utani wa wifi haukataliwi. Kwa mambo kama haya ile akiba ya pointi 35 ina thamani kuliko kanuni yote: nilikula, nikaandika pointi 20 katika akiba ya wiki, na kesho yake nikaendelea na 24 zangu bila kujinyima kwa kulipiza. Sinia la harusi nalifanyia vivyo hivyo. Hakuna mizani mbele ya sinia, na mtu anayejaribu kukadiria gramu za pilau huku wenzake watatu wanakula kwa mkono atamaliza akiwa na njaa na makadirio yasiyofaa. Naandika 20, nakula kwa adabu upande wangu, nashukuru.

Ramadhani inahitaji mpangilio wake. Pointi za siku hazibadiliki, ila zinahamia usiku, na futari ya pwani ni mkusanyiko wa nazi: mihogo ya nazi, ndizi za nazi, maharage ya nazi, na pengine samaki wa kupaka, vyote kwenye mkeka mmoja. Kila kimoja peke yake kinavumilika, lakini kijiko cha hiki na kijiko cha kile hufika 20 kabla uji haujapoa. Kaimati nazo, moja iliyochovywa kwenye shira ni pointi moja na nusu hivi, na sijaona mtu aliyekula moja. Nilichokubaliana na wenzangu jikoni ni kwamba kitu kimoja tu kwa siku kitaungwa kwa nazi, na vingine vitachemshwa au kuchomwa. Daku nalipa protini na dona, kwa sababu mchana ni mrefu.

Badala ya mkutano ninaye mdogo wangu aliye Tanga. Kila Jumapili jioni nampigia picha kurasa za daftari za wiki hiyo na kumtumia kwa WhatsApp, pamoja na uzito niliopima asubuhi yake kwenye mizani ya duka la dawa la mtaani, mizani ileile, saa ileile, kabla ya chai. Yeye hafuati mpango wowote na hana haja nao. Kazi yake ni kusoma. Hapongezi wala hahubiri; anauliza tu mahali palipo wazi: "Dada, Jumatano mchana pako patupu, ulikuwa safarini?" Kujua kwamba ataiona ile nafasi tupu kunanifanya niandike andazi ambalo pengine lingepita kimyakimya, na nadhani hicho ndicho hasa walichokipata wale wanawake sita wa Queens sebuleni kwa mwenzao. Anayetaka kuanza peke yake ningemshauri amtafute msomaji wa daftari kabla ya kununua mizani, na asimchague mume wala mama mzazi, kwa kuwa wote wawili wana maslahi katika chakula.

Wapo wasiopaswa kufanya hesabu hizi bila daktari. Mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto anayekua hawahusiki na viwango hivi. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari akipunguza chakula ghafla bila dawa yake kurekebishwa anaweza kuishiwa sukari mwilini, na hilo ni jambo la hatari, si la daftari.

Kuhusu mwendo, nusu kilo kwa wiki ilikuwa wiki njema, na ziko wiki mizani ilikaa palepale ingawa kila kitu kiliandikwa. Maji, chumvi na siku za mwezi vina sauti yao. Wiki hizo zikifuatana niliangalia mambo mawili: kama kiwango changu cha siku bado ni cha uzito wa zamani, na kama kijiko cha mafuta kimeanza kurundikwa. Mara nyingi jibu lilikuwa katika moja ya hayo mawili.

Chakula cha mchana kazini kimebaki kuwa sehemu isiyopimika. Mama ntilie tunayenunua kwake anapika vizuri, na sitakwenda kumuuliza ametia vijiko vingapi. Kwa hiyo wali wake naupima kwa macho kwa kulinganisha na wa nyumbani, na kila mchuzi wake nauandikia pointi saba za mafuta bila kujali unavyoonekana, nikiomba rojo liwekwe kwenye kibakuli pembeni badala ya kumwagiwa juu ya wali, ili nijue nimekula kiasi gani. Anafanya hivyo bila kuuliza.

Uzito nilioutaka nimeufikia, na kazi iliyobaki ni kutafuta kiwango ambacho mizani itasimama. Naongeza pointi mbili kwa siku, nakaa nazo wiki mbili, na uzito ukiendelea kushuka naongeza nyingine mbili. Kwa sasa niko 28, na uzito bado unashuka polepole, kwa hiyo mwezi huu nitajaribu 30.